Mpatanishi Apimwe kwa Lawama za Watu Wake

Desemba 2, 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikiketi Arusha, ilimhukumu Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Bikindi hakuwa mwanajeshi wala mkuu wa mkoa. Alikuwa mtunzi na mwimbaji, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Irindiro, msanii aliyependwa mno nchini mwake. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti akiwa barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Lakini majaji waliona pia kwamba baadhi ya nyimbo zake, ambazo redio ya RTLM ilikuwa ikizirusha, zilichochea chuki ya kikabila. Inafaa kuanzia hapo, kwa kuwa kila inapofika Septemba 21, Siku ya Kimataifa ya Amani, majukwaa hujaa watu wanaotuhakikishia kwamba muziki huunganisha mioyo. Mioyo aliyoiunganisha Bikindi iliunganishwa dhidi ya jirani.

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawahitaji kuambiwa hilo na mahakama. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipogombana hadi vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti ambazo wasomi wanazichambua hadi leo kwa ufundi wake, na ufundi huo wote ulikuwa wa kuwatia watu wao ari na kuwakejeli wenzao. Taarabu nayo ina mipasho, ingawa madhara yake kwa kawaida hayavuki mtaa. Sanaa yetu imejua kugombanisha muda mrefu kabla ya kuombwa ipatanishe, na inajua kazi zote mbili kwa umahiri uleule.

Kwa hiyo tunapomvisha mtu nishani kwa kujenga amani kwa muziki na mazungumzo, tunachokitunuku hakiwezi kuwa muziki wenyewe, wala mazungumzo kwa kuwa tu ni mazungumzo. Tunatunuku uamuzi wa mtu. Na uamuzi huo una kipimo ambacho kamati nyingi za tuzo hukikwepa, pengine kwa sababu hakipendezi kukitaja mbele ya mgeni rasmi: je, mtu huyu aliwahi kuwaambia watu wa upande wake neno wasilotaka kulisikia, na alilipa nini kwa kulisema? Kumkemea adui mbele ya ndugu zako hakugharimu kitu, utashangiliwa. Kuimba kwamba amani ni njema nako hakugharimu, maana hakuna anayepinga, na hata aliyeshika panga ataitikia kiitikio. Heshima za amani ziende kwa waliolipa gharama nyumbani kwao. Tukikubali hivyo, orodha zetu za washindi zitabadilika sana, na baadhi ya majina tuliyoyazoea yatateremka.

Tuliangalie kwanza tukio ambalo kila mpenzi wa reggae analijua. Aprili 22, 1978, katika Uwanja wa Taifa mjini Kingston, Jamaica, Bob Marley aliwaita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akaishika mikono yao na kuiinua pamoja. Wafuasi wa vyama vyao walikuwa wakiuana mitaani. Picha ile ilizunguka dunia, na mwaka huohuo Marley alipewa Nishani ya Amani kwa niaba ya wajumbe wa nchi za Kiafrika katika Umoja wa Mataifa. Hakuwa mtu wa maneno matupu: Desemba 1976 alipigwa risasi nyumbani kwake siku mbili kabla ya tamasha jingine, na bado akapanda jukwaani. Lakini wazo la tamasha la 1978 halikuanzia kwake. Lilianzia kwa Claude Massop na Bucky Marshall, viongozi wa magenge mawili yenye silaha, kila mmoja akiutumikia mtaa wa chama chake, waliokubaliana kusitisha mapigano. Massop aliuawa kwa risasi za polisi Februari 1979. Marshall aliuawa New York mwaka uliofuata. Ulipofika uchaguzi wa 1980, zaidi ya watu 800 walikuwa wamekufa kwa mauaji katika mwaka huo mmoja.

Simaanishi kwamba wakuu wa magenge wapewe nishani. Mikono yao ilikuwa na damu ambayo mapatano ya miezi michache hayakuisafisha. Ninachosema ni kwamba heshima yote ilimiminika palipokuwa na taa na kamera, na waliokuwa na kazi ngumu zaidi, ya kurudi mtaani na kuwashawishi vijana wao waweke bunduki chini, waliachwa bila ulinzi wowote, na walipoondoka hapakubaki wa kuyashikilia mapatano. Mikono ya Manley na Seaga ilipoachana jukwaani, wala mmoja wao hakuwa amewaambia wafuasi wake jambo zito. Walishikwa mikono, basi.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine, nao unastahili kuchunguzwa kwa kirefu kwa sababu ndani yake muziki na mazungumzo vilipangwa tangu siku ya kwanza viende sambamba. Mwaka 1999, katika mji wa Weimar nchini Ujerumani, mpiga piano na kiongozi wa okestra Daniel Barenboim, Myahudi aliyezaliwa Buenos Aires na kukulia Israel, pamoja na Edward Said, msomi Mpalestina aliyezaliwa Jerusalem, waliwakusanya wanamuziki vijana kutoka Israel, Palestina, Syria, Lebanon, Jordan na Misri. Weimar ni mji wa Goethe, na okestra ilichukua jina lake kutoka kwa diwani ya mshairi huyo iliyotokana na mapenzi yake kwa ushairi wa Uajemi: West-Eastern Divan. Kilomita chache kutoka hapo ipo Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, na vijana wale walipelekwa kuiona. Mchana walifanya mazoezi. Jioni walikaa na Said wakabishana kuhusu historia, ardhi, na nani ana haki ya kupiga muziki wa nani.

Namna okestra inavyofanya kazi inasaidia kueleza kwa nini mpango ule haukuwa wa maonyesho. Wapiga vayolini na selo huketi wawili wawili, wakisoma noti kutoka stendi moja. Mmoja hufungua ukurasa, mwenzake akiendelea kupiga. Lazima wakubaliane upinde uende juu au uteremke wakati gani, sauti ianze kwa nguvu kiasi gani, iishie wapi. Kijana wa Damascus akiwekwa stendi moja na kijana wa Tel Aviv, hawatakiwi kupendana wala kukubaliana juu ya mwaka 1948, Israel ilipoundwa. Wanatakiwa wasikilizane hadi mwisho wa sentensi ya muziki, jambo ambalo mabunge mengi yameshindwa. Barenboim mwenyewe amesema mara nyingi kwamba okestra hiyo haiwezi kuleta amani. Shabaha yake ni kupambana na ujinga wa kila upande kuhusu mwenzake.

Sasa tulete kipimo. Said, kabla hata ya Weimar, alikuwa amekwisha kugombana na wakubwa wa upande wake: mwaka 1996 Mamlaka ya Palestina iliviondoa vitabu vyake madukani kwa sababu aliupinga mkataba wa Oslo kati ya Israel na Wapalestina na kumkosoa Yasser Arafat hadharani. Barenboim, Mei 2004, alisimama ndani ya Knesset, Bunge la Israel, kupokea Tuzo ya Wolf, na badala ya kushukuru na kushuka, alirejea Tangazo la Uhuru la 1948 na kuuliza kama kuikalia ardhi ya watu wengine kunalingana na ahadi zilizomo. Waziri wa Elimu alimjibu palepale kwa hasira. Fedha za tuzo alizielekeza kwenye elimu ya muziki katika Israel na Ramallah. Mwaka 2008 akakubali kupewa uraia wa Palestina. Hao ni watu wawili waliokubali kupoteza marafiki, na waliotoa Tuzo ya Concordia ya Asturias huko Uhispania mwaka 2002 kwa wote wawili pamoja hawakukosea.

Hata hivyo, kipimo hicho tukikitumia bila upendeleo kinaonyesha jambo ambalo sherehe hazikulionyesha. Barenboim ana makazi Berlin na jina linalomlinda. Said alikuwa profesa New York. Sheria za Lebanon na Syria zinafanya kushirikiana na Waisraeli kuwa kosa, na kijana wa Beirut aliyepiga filimbi katika okestra ile alikuwa na nyumbani pa kurudi, pamoja na majirani, na pengine afisa wa usalama wa kumuuliza alikuwa wapi. Okestra ilipoamua kupiga Ramallah, Agosti 2005, hapakuwa na njia ya kuwafikisha wote: Waisraeli wamekatazwa na sheria yao kuingia katika mji huo, na Wasyria hawakuweza kupita mipaka inayoshikwa na Israel. Serikali ya Uhispania ikalazimika kuwapa wanamuziki hati za kusafiria za kidiplomasia. Kila kijana aliyeipokea hati ile alikuwa akiamua jambo dhidi ya maoni ya watu wa kwao. Majina yao hayamo kwenye nishani, na kwa usalama wao pengine ni heri yasiwemo. Lakini tusisahau kwamba wao ndio waliobeba mzigo.

Liko pingamizi zito hapa, na linatoka kwa Wapalestina wenyewe. Waendeshaji wa kampeni ya kususia taasisi za Israel wameikosoa okestra hii, wakidai kwamba kuwaketisha pamoja anayekaliwa na anayekalia, kana kwamba wana ugomvi wa majirani wawili walio sawa, kunaifanya hali isiyo ya haki ionekane ya kawaida. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Iko mikutano mingi ya maridhiano duniani ambayo kazi yake ni kumfundisha mnyonge adabu. Lakini ndiyo sababu kipimo cha lawama kinafaa kuliko kipimo cha kukaa pamoja. Mkutano unaoficha dhuluma hujulikana kwa kuwa mwenye nguvu hutoka ndani yake akiwa na furaha, hakuguswa. Waziri aliyemjibu Barenboim Knesset hakutoka na furaha. Okestra isiyo na ile mijadala ya jioni na hotuba kama ile ingekuwa rangi ya kupaka ukutani, nami ningewaunga mkono wanaoisusia.

Pingamizi la pili ni la wale wanaohesabu matokeo. Okestra imevuka miaka 25, tuzo zimetolewa, chuo cha Barenboim na Said kimefunguliwa Berlin, na bado Gaza imeangamizwa kwa vita iliyoanza Oktoba 2023 baada ya shambulio la Hamas. Jamaica ilipata mikono iliyoshikana na miaka miwili baadaye ikapata makaburi. Tunawatunuku watu kwa kushindwa? Anayeuliza hivyo anadai kwa mpiga selo kile ambacho hajakidai kwa Baraza la Usalama. Vita huanzishwa na kuzimwa na wenye majeshi, fedha na mamlaka. Mpatanishi wa ngazi ya jamii hana hata kimoja. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba siku wenye mamlaka wakichoka kupigana, wapo watu pande zote mbili wanaojua kuzungumza na wenzao. Kazi hiyo haionekani kwenye takwimu za mwaka, lakini isipofanywa mapema haiwezi kubuniwa kwa wiki moja.

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni ushahidi wa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali za eneo hilo ziliingia kwenye mapigano yaliyochochewa na ukame, wizi wa mifugo na siasa za uchaguzi wa 1992. Wanawake wachache wa koo tofauti, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na jambo dogo kuliko yote: soko. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila kutukanwa, kupigwa wala kupandishiwa bei kwa sababu ya ukoo wake, na wakaweka watu wa kuangalia kama makubaliano yanafuatwa. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee. Hawakuweza kuwaitisha wazee wa koo kubwa wao wenyewe, hivyo walimtumia mzee wa ukoo mdogo, ambaye hakuna aliyemwogopa. Wakawafuata vijana wenye bunduki. Mwaka 1993 yakatokea makubaliano yajulikanayo kama Azimio la Al Fatah, na mwaka 1995 kamati iliyounganisha wananchi na maofisa wa serikali ikaundwa. Mfano wa kamati ile ulienea wilaya nyingine. Mwaka 2008, Kenya ilipolipuka baada ya uchaguzi, Dekha alikuwa Nairobi pamoja na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande na Balozi Bethuel Kiplagat, wakikutana kila asubuhi na yeyote aliyekuwa tayari kuzungumza.

Hapakuwa na okestra Wajir. Palikuwa na mama aliyemzuia mtu wa ukoo wake asimguse mama wa ukoo mwingine, jambo ambalo katika siku zile lilitosha kumfanya aitwe msaliti. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari iliyomkuta akiwa njiani kwenda Garissa, kwenye mkutano wa amani. Mtu huyu hakuwa na wimbo hata mmoja wa kumkumbukia, na pengine ndiyo maana vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaomjua Marley kwa sura hawajawahi kulisikia jina lake.

Kuna atakayesema kipimo cha lawama kinaweza kumtukuza mchokozi yeyote. Mtu aliyelipwa na wageni kuwatukana watu wake naye hulaumiwa, tena kwa haki. Kweli, lawama peke yake haitoshi. Wanawake wa Wajir walilaumiwa wakabaki: waliendelea kwenda sokoni lilelile, kuzika na kuoza katika familia zilezile, na hatimaye waliowalaumu ndio waliowaita wasuluhishe. Anayerusha maneno kisha akahama hana budi kutupa sababu ya ziada ya kumheshimu. Kwa kigezo hiki Barenboim anapungukiwa kidogo mbele ya Dekha, na sioni kosa kulisema, ingawa mmoja amejaza kumbi za dunia nzima.

Linabaki suala la heshima yenyewe, ambayo inaweza kumdhuru anayepewa. Kizito Mihigo wa Rwanda alikuwa mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo za kanisa, Mtutsi aliyenusurika mauaji ya kimbari. Aliunda taasisi ya kuwafundisha vijana amani, akaimba katika maadhimisho ya kitaifa, na mwaka 2011 alitunukiwa nchini mwake miongoni mwa vijana waliofanya vizuri. Machi 2014 alitoa wimbo uliowaombea waliouawa katika mauaji ya kimbari pamoja na wengine waliouawa katika matukio yasiyoitwa kwa jina hilo. Mwezi uliofuata alikamatwa. Mwaka 2015, baada ya kukiri mashtaka ya kula njama dhidi ya serikali, alihukumiwa miaka 10. Alisamehewa 2018, akakamatwa tena Februari 2020 karibu na mpaka wa Burundi, na siku chache baadaye akakutwa amekufa mahabusu. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Václav Havel akiwa kaburini.

Alipokuwa akiimba yale ambayo kila mtu aliafiki, alikuwa na nishani. Alipowaambia watu wa upande wake neno gumu, heshima ilimkimbia, ikarejea kutoka ng'ambo wakati haiwezi tena kumsaidia. Tuzo inayotolewa mapema kwa ajili ya nyimbo nyepesi haimjengi mpatanishi. Humfundisha mahali pa kuishia. Kama tunataka tuzo ziwe na kazi, lazima zije na wajibu kwa anayezitoa: kumtembelea mshindi anapokamatwa, kumlipia wakili, kuendelea kulitaja jina lake wakati kulitaja kunaanza kuleta hasara. Taasisi isiyo tayari kwa hayo ingebaki na cheti chake.

Katika nchi zetu, msimu wa uchaguzi ukikaribia, wasanii hulipwa watoe nyimbo za amani, na baada ya kura kuhesabiwa wengine huitwa kupongezwa. Eric Wainaina wa Kenya ameimba “Daima”, unaopigwa kwenye sherehe za taifa, na ameimba pia “Nchi ya Kitu Kidogo”, uliowaudhi wenye madaraka kwa kuisema rushwa. Huu wa pili ndio ninaouhesabu kuwa kazi ya amani. Wizara, makanisa, misikiti na mashirika yanayoandaa tuzo za maridhiano yangeongeza swali moja kwenye fomu ya mapendekezo: mtu huyu aliwaambia nini watu wa kwao, na walimfanya nini? Atakayeshindwa kulijibu apewe cheti cha ushiriki, na nishani isubiri.